Injini Imezima Ghafla na Sababu Haijulikani: Vifaa vya Kupimia Vinavyostahili Pesa Yako

Neno "imenoki", ambalo hutumika kwa injini iliyokufa, ni fupi lakini ni ghali. Ndani yake hukusanywa magonjwa yasiyofanana hata kidogo: beringi za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti) zilizoliwa, taimingi (mpangilio wa vavu na pistoni) iliyoruka, silinda iliyoingia maji, gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) iliyoungua, pistoni iliyotoboka. Wakati mwingine injini ni nzima kabisa, kilichokufa ni sensa ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), sensa ambayo hubadilishwa kwa bolti moja. Mwenye gari akikubali neno hilo bila ushahidi, analipia injini nzima ilhali tatizo huenda likawa kwenye kifaa kinachoenea kiganjani.

Vifaa vinavyopitiwa hapa vimepimwa kwa swali moja: kinakupa ushahidi gani kabla silinda hedi haijafunguliwa? Kufungua ndiko kunakogharimu. Hedi ikishatoka, utahitaji gasketi mpya, mara nyingi na bolti mpya, kwa kuwa injini nyingi za sasa zina bolti zinazovutika zikikazwa na hazirudiwi. Utalipa hizo hata ikigundulika kwamba hedi haikuwa na kosa lolote.

Kabla ya kununua chochote, kuna kipimo kisichohitaji zaidi ya soketi na mpini mrefu. Toa plagi zote, hakikisha gia haijaingia, kisha zungusha krankishafti kwa mkono kupitia bolti ya puli yake. Zungusha mara mbili kamili, digrii 720, ili kila silinda ipite mipigo yake yote minne. Fuata upande ambao injini huzunguka kwa kawaida. Nyingi huenda kama mshale wa saa, ila injini nyingi za zamani za Honda huenda kinyume. Plagi lazima ziwe nje, kwa sababu maji au petroli ikiwa imejaa ndani ya silinda haigandamiziki, na ukipiga stata konrodi inaweza kupinda. Maji yakiruka kutoka kwenye tundu la plagi, jibu umeshalipata. Mzunguko ukigota mahali pale pale kila mara, shuku vavu inayogusana na pistoni. Usilazimishe.

Na isipozunguka kabisa? Usikimbilie kusema injini imekamata. Toa kwanza mkanda wa nje unaozungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC, kisha jaribu tena. Kompresa ya AC iliyokamata inaweza kuizuia injini kama vile pistoni ndizo zilizoshika, na gharama zake hazikaribiani na za injini. Kipimo hiki kinachukua dakika chache, na mtu anayetaka kukuuzia injini bila kukifanya hajafanya kazi yake.

Sasa tuanze na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, maana ndiyo inayonunuliwa kwanza na kuaminiwa kupita uwezo wake. Zile ndogo za bei nafuu zinazounganishwa na simu nyingi hujiita ELM327, jina la chipu ya ndani. Elm Electronics ya Kanada, iliyobuni chipu hiyo, ilifunga biashara mwaka 2022, na haikuwahi kutoa toleo 1.5 linaloandikwa kwenye maboksi mengi. Ukiona namba hiyo, ujue unanunua nakala. Nakala husoma kodi za kawaida (namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari) bila shida, lakini baadhi hukosa amri nyingi na hukatika katikati ya kusoma. Kwa kazi ya kujua kwa nini injini imezima, nakala nzuri inatosha. Gari lenyewe liwe na mfumo wa OBD-II, yaani soketi na lugha ya pamoja ya kuongea na kompyuta ya gari: Marekani uliwekwa kwa lazima kwenye magari ya kuanzia modeli ya 1996, na Umoja wa Ulaya ukaulazimisha kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Kwa gari la zamani kuliko hapo, usitumie pesa kabla hujathibitisha kwamba skana itaongea nalo.

Skana ikikataa kuwaka, usiitupe. Pini namba 16 ya soketi ya OBD-II hupata umeme wa betri moja kwa moja kupitia fyuzi, na kwenye magari mengi ni fyuzi ile ile ya soketi ya kuwashia sigara.

Nguvu halisi ya skana kwa injini iliyokufa iko kwenye data inayotembea, yaani namba zinazobadilika papo hapo. Fungua ukurasa wa mizunguko ya injini, mwombe mtu apige stata, nawe tazama namba. Injini ikizungushwa na stata inapaswa kuonyesha mizunguko kama 150 hadi 250 kwa dakika. Ikibaki sifuri huku unasikia stata ikizungusha, kompyuta haipati ishara ya sensa ya krankishafti, na bila ishara hiyo hakuna cheche wala petroli. Kodi P0335 huenda sambamba na hali hii. P0016 ina uzito wa aina nyingine: inasema krankishafti na kamshafti (mhimili unaofungua vavu) hazikubaliani, yaani taimingi imeruka, cheni imerefuka, au sensa mojawapo inasema uongo. Ukiona P0016 acha kupiga stata mpaka uwe umetazama taimingi kwa macho. P0524 ni presha ya oili kuwa chini mno, P0217 ni injini kuchemsha. P0300 inasema silinda zinamisi (haziwaki ipasavyo), lakini haisemi kwa nini, na hapo ndipo watu hununua koili na plagi na nozeli kwa kubahatisha.

Piga picha kodi zote, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mzigo, kasi, mizunguko. Ukifuta kodi, kumbukumbu hiyo inafutika nayo. Kama kuna dhamana ya kudai, umefuta ushahidi wako mwenyewe. Hukumu kwa skana: nunua ya bei ndogo, lakini usiiruhusu ikuambie habari za beringi, ringi (pete za pistoni) au gasketi. Haina jicho la kuviona.

Geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ndiyo kifaa ambacho tungekichagua kama kingekuwa kimoja tu. Zipo za aina mbili: yenye koni ya mpira unayoibana kwa mkono kwenye tundu, na yenye mpira mrefu unaofungwa kwa nyuzi kama plagi. Chukua ya nyuzi. Ile ya koni hupumua pembeni ukichoka mkono, na matokeo yake yanategemea misuli yako. Hakikisha ina nyuzi za M14 na M12 angalau, kwani plagi za injini nyingi za petroli ni za saizi hizo.

Kuna jambo moja ambalo maelezo kwenye boksi hayasemi. Vavu ndogo ya kuzuia hewa isirudi inapaswa kuwa mwishoni mwa mpira, upande unaoingia kwenye injini. Ikiwa iko upande wa geji, nafasi yote ya mpira inakuwa sehemu ya silinda na namba inashuka. Vavu hiyo inafanana na ya tairi lakini springi yake ni laini zaidi. Ikiharibika ukaweka ya tairi, geji itasoma chini kwenye kila silinda, na utaambiwa injini nzima imechoka. Nunua vavu mbili za akiba siku unayonunua geji.

Upimaji wenyewe una masharti. Betri iwe imejaa. Toa plagi zote, si moja. Kata umeme wa koili, kisha kata wa nozeli au ondoa relei ya pampu ya petroli. Kanyaga ekseleta hadi mwisho ili hewa iingie kwa wingi. Kama throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) ni ya umeme na haifunguki ukiwa unapiga stata, toa bomba la hewa, ifungue kwa uangalifu na uandike kwamba ulipima hivyo. Piga stata mpaka injini igandamize mara tano au sita, idadi ile ile kwa kila silinda. Andika namba ya mgandamizo wa kwanza na ya mwisho. Watu husahau ya kwanza, nayo ndiyo yenye habari nyingi.

Injini nzima ya petroli kwa kawaida husoma kati ya psi (kizio cha presha) 150 na 200, lakini tofauti kati ya silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Ikishuka chini ya hapo kuna tatizo. Mgandamizo wa kwanza ukiwa mdogo halafu ukapanda taratibu kila pigo, ringi ndizo zinazopitisha. Ukiwa mdogo na ukakaa hapo hapo bila kupanda, shuku vavu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Zote zikiwa sifuri au karibu, taimingi imekatika au imeruka.

Silinda ikiwa chini, weka kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini kidogo ienee, kisha pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, vavu au gasketi. Kipimo hiki cha oili hakifai kwa dizeli: nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno na oili yenyewe hupandisha namba. Injini ambazo silinda zake zimelala ubavu nazo hudanganya, kwani oili hukaa upande mmoja.

Hapa kuna mtego unaohukumu injini zisizo na kosa. Gari likikataa kuwaka na mtu akaendelea kupiga stata, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda. Kompresheni hushuka kwenye silinda zote kwa pamoja, na anayesoma namba anasema ringi zimekwisha. Oili kijiko kimoja kila silinda, namba zinarudi, na mara nyingi injini inawaka baada ya kukaushwa plagi. Ukiambiwa silinda zote nne zimeshuka kwa wakati mmoja bila historia ya kula oili, omba kipimo hiki kirudiwe kabla ya kutoa senti.

Kwa dizeli usitumie geji ya petroli. Dizeli hugandamiza hadi psi 300 mpaka 500, na geji inayoishia 300 itapasuka au kupinda sindano. Tafuta inayofika 1000, yenye nyuzi za kuingia kwenye tundu la plagi ya kupashia joto au la nozeli.

Kipimo cha kuvuja kwa silinda, chenye geji mbili na kinachotumia hewa ya kompresa, ni bora kuliko geji ya kompresheni kwa sababu kinakuonyesha hewa inatokea wapi. Pistoni inawekwa juu kabisa, vavu zote zimefungwa, hewa inaingizwa. Sikiliza. Hewa ikisikika kwenye throto, vavu ya kuingiza inapitisha. Kwenye ekzosti, vavu ya kutolea. Kwenye mfuniko wa oili, ringi. Mapovu kwenye redieta ni gasketi au ufa. Chini ya asilimia 10 injini ni nzuri, zaidi ya 30 ni mbaya. Shida yake ni kwamba unahitaji kompresa, na pistoni isipokuwa juu barabara hewa itaizungusha krankishafti kwa nguvu, basi usiache spana kwenye puli. Usinunue kama utaitumia mara moja. Tafuta gereji inayokimiliki, na omba wakuandikie asilimia ya kila silinda.

Boroskopu ndogo ya simu, yaani kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya silinda, imekuwa msaada mkubwa. Kichwa kiwe cha milimita 5.5, si 8, kwa sababu utahitaji kukipindisha ndani ya tundu. Chenye kamera ya pembeni ni bora mara nyingi kuliko chenye kioo kidogo cha kuchomeka. Kioo hicho huweza kuchomoka, na kikianguka ndani ya silinda umejiletea gharama mpya. Tazama uso wa pistoni. Alama zenye umbo la mwezi mwandamo ni vavu zilizogonga. Pistoni moja iliyo safi inang'aa huku nyingine zina masizi imekuwa ikioshwa na maji, yaani gasketi. Ukingo uliomegeka kwenye injini yenye tabo na nozeli zinazopuliza moja kwa moja kwenye silinda unaweza kuwa umetokana na mchanganyiko kuwaka kabla ya wakati kwenye mizunguko ya chini. Ni kwa ajili ya ugonjwa huo API, taasisi ya petroli ya Marekani, ilianzisha kiwango cha oili SN Plus mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020. Mikwaruzo ya wima kwenye ukuta wa silinda ni mbaya; michoro midogo inayokatana kwa mshazari ni ya kiwandani, na hiyo ni dalili njema.

Kimiminika cha kupima gesi za ekzosti kwenye redieta, kile cha bluu kinachogeuka njano, hakitakusaidia kwa injini isiyowaka. Kwa inayowaka na kuchemsha ni kizuri, mradi maji ya redieta yasifike kwenye kimiminika, kwani yakigusa tu matokeo hayafai.

Upande wa oili ndiko vifo vingi vya ghafla vinakoanzia, na ndiko watu hutazama mwisho. Taa ya oili kwenye dashibodi haikulindi kama unavyodhani: swichi yake kwa kawaida hufanya kazi presha ikishashuka hadi takriban psi 3 mpaka 7, wakati ambapo beringi zimeanza kuumia. Geji ya presha inayofungwa mahali pa swichi hiyo inasema ukweli. Kipimo cha haraka kinachotumika ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Angalia nyuzi kabla ya kufunga: magari mengi ya Japani hutumia nyuzi za aina ya BSPT ya 1/8 yenye meno 28 kwa inchi, na geji nyingi huja na za aina ya NPT ya 1/8 yenye meno 27. Zinaingia mizunguko michache, zinashika, halafu zinapasua nyumba ya alumini. Nunua adapta sahihi.

Kisha chujio la oili. Lipasue kwa kikata-chujio, si kwa msumeno, maana msumeno unaacha chembe zake ndani nawe utashindwa kujua za injini ni zipi. Tandua karatasi, ikamue, itazame juani. Chembe zinazofuata sumaku ni chuma: krankishafti, kamshafti, ringi, cheni. Zinazong'aa bila kufuata sumaku ni alumini au beringi. Rangi ya shaba maana yake beringi zimeliwa hadi tabaka la ndani, na hapo huna haja ya kufungua hedi kwanza. Anza na sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kichujio cha pampu ya oili kikiwa kimezibwa na vipande vya silikoni vya kazi ya zamani, au na makombo ya mkanda wa taimingi unaofanya kazi ndani ya oili, umepata sababu ambayo kila mtu alisema haipo.

Kupeleka oili maabara kunasifiwa kuliko inavyostahili kwa kifo cha ghafla. Kipimo cha kawaida cha madini huona chembe ndogo sana tu, chini ya maikroni 10 hivi. Vipande vikubwa vinavyotoka wakati beringi inakufa vinapita bila kuhesabiwa. Kinafaa kufuatilia injini inayotembea, na kinafaa kuonyesha sodiamu na potasiamu za maji ya redieta, au silika ya vumbi lililopita kwenye chujio la hewa. Ila kama kuna mzozo wa dhamana, chukua chupa mbili safi za mililita 100 oili ikiwa inamwagwa katikati, si mwanzo wala mwisho, zifunge, ziandikie tarehe na kilomita, na moja uiweke wewe.

Ukishathibitisha injini imekufa kweli, makadirio ya gharama yaandikwe kwa hatua: kupima, kufungua sampu, kufungua hedi, kila hatua na bei yake na haki yako ya kusimama. Injini iliyotumika ipimwe kompresheni kabla haijafungwa garini. Stata yake na betri ya nje vinatosha. Soma dhamana yake kwa makini, kwani nyingi hulipa injini tu, hazilipi kazi ya kuitoa na kuirudisha, na kazi hiyo ni ya saa nyingi. Wakati iko nje, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, thermostati na sili ya nyuma ya krankishafti. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuifikia baadaye ni kushusha gia boksi upya.

Na kama ya zamani ilikufa kwa beringi, usihamishie kipoza-oili chake kwenye injini mpya. Njia zake ni nyembamba, chembe za chuma zimelala ndani, na hakuna kuosha kwa petroli na hewa kunakozitoa zote. Oili ya moto itazitoa yenyewe, na zitakwenda moja kwa moja kwenye beringi ulizotoka kulipia.